Tairi Jipya Lenye Umri wa Miaka Tisa

Wasomaji wetu, wazee kwa vijana, tumezoea katika kurasa hizi kusema nanyi juu ya mambo ya ndani ya nyumba: malezi, chakula, masomo ya watoto, na mapatano ya mume na mke. Leo twaomba ruhusa tutoke nje ya mlango, twende hadi pale gari linapowekwa, tuiname kidogo tuyatazame magurudumu yake. Yamkini wako watakaocheka na kusema, Maalim na matairi wapi na wapi? Kazi yake si ubao na chaki? Sisi nasi tungalicheka vivyo hivyo kabla ya mwezi wa Agosti 2019.

Gari letu ni Toyota RAV4 ya mwaka 2007. Tulilinunua ndugu watatu kwa kuchangiana, likashuka bandari ya Mombasa mwaka 2014 kutoka Japani. Ndilo linalopeleka wagonjwa hospitali, ndilo linalokwenda arusini na matangani, na siku za likizo ndilo linalopeleka watoto kwa bibi yao. Gari la namna hii, lililoinuka kidogo na lenye magurudumu manne yanayovuta, limekuwa ndilo gari la nyumba nyingi katika pwani yetu. Na kila mwenye gari kama hili itamjia siku ambapo fundi atamwambia, matairi haya yamekwisha. Hapo ndipo wengi wetu huingia dukani vipofu, tukatoka na cha bei ndogo.

Nasi tulifanya hivyo. Mwezi wa Februari 2019 matairi mawili yalikuwa yamebaki vipara, na fedha hazikuwapo, maana ulikuwa mwanzo wa mwaka wa shule. Tukapata mahali tukauziwa matairi mawili mapya kwa bei iliyotufurahisha. Yalikuwa mapya kweli; hayajapata kuguswa na barabara, mifereji yake mirefu, yale manyoya madogo ya mpira bado yamesimama, na weusi wake waang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Tukamshukuru muuzaji, tukarudi nyumbani tukijisifu.

Mwezi wa Agosti tukaondoka Mombasa kwenda Voi kwenye arusi. Tulikuwa watu saba katika gari la watu watano, pamoja na masanduku, sufuria mbili kubwa na gunia la mchele. Twalisema hili wazi kwa sababu si haki kumlaumu muuzaji peke yake na kuyaficha makosa yetu. Hatukupima upepo. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, lami yafuka moshi, na ndugu yetu aliyekuwa akiendesha alikuwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Tulipopita Maungu tukasikia mshindo kama wa baruti, na nyuma ya gari ikavutwa kushoto kama iliyokamatwa na mkono.

Ndugu yetu alikuwa dereva wa lori ujanani mwake, na ujuzi huo ndio uliotuokoa. Hakukanyaga breki. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaondoa mguu taratibu kwenye mafuta, akaliacha gari lipungue lenyewe mpaka likaingia kandokando ya barabara penye changarawe, na bahati njema mahali pale palikuwa tambarare. Hatukupinduka. Lakini mtoto wa ndugu yetu, mwenye miaka tisa, hakuwa na mkanda, kwa kuwa mikanda ilikuwa mitano na sisi saba. Alirushwa akapiga bega kwenye kiti cha mbele, na mtulinga ukavunjika.

Jioni ile, mtoto alipokwisha fungwa bega, tulimpelekea lile tairi fundi mmoja mzee wa Voi. Akaligeuzageuza, akatuuliza:

"Maalim, hili mlilinunua lini?"

"Mwezi wa Februari."

"Wa mwaka huu?"

"Wa mwaka huu."

Akatema mate kwenye kidole, akafuta vumbi ubavuni mwa tairi, akatuonyesha tarakimu nne ndani ya kijisanduku cha mviringo: 1410. "Hili limezaliwa mwaka 2010," akasema. "Limekaa juani miaka tisa likingoja mtu kama wewe."

Umri wake ulikuwa sawa na wa mtoto yule.

Tangu siku ile tumejifunza mengi juu ya matairi, kwa kusoma na kwa kuwauliza wanaojua, na tunayoyaandika hapa ndiyo tungaliyataka mtu atuambie mwezi ule wa Februari.

Tuanze na hizo tarakimu nne. Karibu na herufi DOT pana mfululizo wa herufi na nambari. Nne za mwisho zaonyesha tarehe ya kutengenezwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Basi 1410 ni wiki ya 14 ya mwaka 2010, na 3624 ni wiki ya 36 ya mwaka 2024. Mtindo huu wa tarakimu nne ulianza mwaka 2000. Ukikuta tatu tu, tairi hilo ni la karne iliyopita, liache. Tena mjue kwamba mara nyingi tarehe huandikwa upande mmoja tu. Usipoiona nje, inama utazame ubavu wa ndani. Na msitosheke na tairi moja mkadhani menziwe ni kama hilo. Tumeona dukani matairi manne ya jina moja yamefungwa pamoja, na tarehe zake zapishana miaka mitatu.

Kwa nini umri uwe na kazi, iwapo mifereji ni mizima? Kwa sababu mpira hufa hata usipotumika. Hewa, jua na joto huufanya ukakauka na kugumu, na zile tabaka za ndani, za nyuzi na waya wa chuma, hulegea zilipogandana. Jicho halioni kitu. Huko Uingereza, mwezi wa Septemba 2012, basi la abiria liliacha barabara katika jimbo la Surrey likagonga mti, wakafa watu watatu. Tairi lake la mbele lilipasuka; uso wake ulikuwa bado na mifereji ya kutosha kwa sheria, lakini umri wake ulikuwa umepita miaka 19. Baada ya miaka mingi ya madai ya wafiwa, tangu tarehe 1 Februari 2021 nchi ile ilipiga marufuku matairi yaliyopita miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Watengenezaji kadhaa husema tairi likifika miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi liondolewe hata likionekana zima. Wako watengenezaji wa magari wasemao sita. Sisi, kwa joto la pwani yetu, twaelekea upande wa sita, na dukani hatununui tairi lililopita miaka miwili tangu kutengenezwa.

Tena tazameni duka lenyewe. Tairi lililowekwa ndani, kivulini, huzeeka polepole. Lililopangwa nje ya mlango kuanzia asubuhi hadi magharibi, mwaka baada ya mwaka, na kupakwa dawa ya kung'arisha kila Jumamosi, hilo ndilo letu la Februari.

Sasa tuje kwenye maandiko mengine ya ubavuni, ambayo wengi huyaona kama hirizi. Letu lasema 225/65R17 102H. Hapana siri. 225 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, nacho ni asilimia 65 ya ule upana, kama milimita 146. R maana yake nyuzi za ndani zimepita kutoka ukingo hadi ukingo, namna iliyoletwa na kampuni ya Michelin ya Ufaransa, iliyoandikisha haki yake mwaka 1946, na leo karibu matairi yote ya magari madogo ni ya namna hii. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Twawapa vijana wetu wanaosoma hesabu zoezi hili: zidisha ule ubavu kwa mbili, ongeza rimu, upate kimo cha gurudumu zima. Jawabu ni milimita 724 na kidogo.

Zoezi hili si la mchezo. Mdogo wetu, tulipokwenda kununua matairi mengine baada ya ajali, alitaka tuweke 265/65R17, kwa kuwa ndiyo yaliyo katika Prado nyingi na hulifanya gari lionekane la kiume. Tukampa kalamu, tukamwambia, piga hesabu. Likatoka gurudumu la milimita 776, kubwa kuliko letu kwa kiasi cha asilimia 7. Maana yake, kipimo cha mwendo kikionyesha 100, gari lakwenda 107; gurudumu lagusa bawa ukikata kona; breki zapata kazi zaidi na mafuta yaliwa zaidi. Akanyamaza, ingawa hakupendezwa. Kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva ndicho cha kufuata.

Zile 102H ndizo ambazo muuzaji hazisemi, na mnunuzi haziulizi. 102 ni nambari ya mzigo. Katika jedwali la mafundi yaonyesha kwamba tairi moja laweza kubeba kilo 850. Nambari 94 ni kilo 670 tu. Tairi la 94 laweza kukaa kwenye rimu yako pasipo taabu yoyote na kuuzwa kwa bei nafuu. Utajua tofauti siku ya kupakia jamaa wote na mchele wa arusi. Msikubali nambari iliyo chini ya ile ya kibandiko au ya kitabu cha gari.

Herufi H ni ya mwendo: hadi kilomita 210 kwa saa. T ni 190, S ni 180, Q ni 160. Mtu atasema, mimi siendi hata 120, H ya nini? Herufi hii ni pia shahada ya kuvumilia joto, kwa kuwa kinacholiua tairi katika mwendo ni joto. Mengi ya matairi yanayofuata sheria za Marekani yana pia neno TEMPERATURE na herufi A, B au C. A ndiyo bora, C ndiyo ya chini inayoruhusiwa. Kwa barabara ya Mombasa kwenda Nairobi saa saba mchana, sisi hatuitaki C.

Hapa yafaa tukumbushe habari iliyotikisa Marekani. Tarehe 9 Agosti 2000 kampuni ya Bridgestone/Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5, na mengi yake yalikuwa katika Ford Explorer, gari la familia la namna hii hii tunayoizungumza. Uso wa tairi ulikuwa ukibanduka wote katika mwendo, na magari yakipinduka. Serikali ya nchi ile ilihesabu vifo zaidi ya 200. Kabla ya hapo, mwaka 1999, Ford ilikuwa imekwisha kuanza kubadilisha matairi ya magari hayo katika Saudia na nchi jirani za Ghuba, ambako joto ni kali. Makampuni mawili yakagombana: hili lasema tairi ni bovu, lile lasema gari lina kasoro. Lakini jambo moja halikukosa kutajwa, nalo ni upepo. Ford ilikuwa imeagiza ratili 26 kwa inchi ya mraba, na watengenezaji wa matairi wakadai ingefaa iwe 30. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika na kukunjuka ubavuni maelfu ya mara kwa kila safari, na katika kukunjika huko huzaa joto. Sheria iliyotungwa Marekani mwezi wa Novemba mwaka ule ndiyo iliyoleta ile taa ya rangi ya manjano, mfano wa kiatu cha farasi chenye alama ya mshangao ndani yake, katika magari mapya. Gari letu halina taa hiyo. Lina sisi.

Basi nunueni kipimo cha upepo. Ni kitu kidogo cha kutia mfukoni, na bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya tairi. Pimeni asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likipata moto upepo wake hupanda na kukudanganya. Kibandiko chetu chasema 220 kwa hesabu ya kilopaskali, yaani ratili 32. Ile nambari kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe si ya kufuata. Hiyo ni mpaka wa mwisho ambao tairi lisivuke. Tumemwona kijana wa kituo cha mafuta akijaza magari yote ratili 40, RAV4 na teksi na pikapu, kama anayegawa uji. Ukimwambia 32 hukasirika kidogo, kisha hutii.

Sasa ni aina gani ya tairi? Madukani mtayakuta yameandikwa H/T, A/T na M/T. Ya kwanza ni ya barabara za lami na changarawe nyepesi. Ya pili yachanganya lami na njia mbovu. Ya tatu ni ya matope na mawe. Jirani yetu ana A/T, na kila kijana apitaye huyasifu kwa yale meno yake makubwa. Hatumlaumu, kwani yeye huenda shambani bara ya Kilifi kila wiki, ambako mawe ya matumbawe na miiba hukata ubavu mwembamba. Lakini gari letu, siku tisa katika kumi, laenda madrasa, sokoni na hospitali juu ya lami. Tairi la meno makubwa laimba masikioni safari nzima, ni zito, lala mafuta, na juu ya lami iliyorowa mara nyingi huchukua nafasi ndefu zaidi kusimama kuliko H/T njema. Watu wengi hununua A/T kwa ajili ya safari moja ya mwaka ambayo hata hawaendi. Kwa nyumba iliyo kama yetu, H/T yatosha.

Na kuna matairi ambayo hayafai kwetu kabisa, nayo huja bila kuombwa. Gari letu liliposhuka bandarini lilikuwa na matairi mazuri, laini, yenye mikato midogo midogo kama iliyochorwa kwa wembe. Tukafurahi. Kwa kuwa hatukujua kusoma, hatukujali neno STUDLESS lililoandikwa ubavuni. Hayo ni matairi ya theluji! Mpira wake umefanywa laini ili ushike barafu huko Japani wakati wa baridi. Juu ya lami ya Mombasa huyeyuka kama sabuni. Yalikwisha kabla ya mwaka. Anayelipokea gari kutoka bandarini leo na atazame neno hilo, au picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.

Wako watakaotuuliza habari za matairi ya mtumba. Twajua kwamba si kila mmoja ana fedha za manne mapya, na hatutaki kusema kama watu waliosahau njaa. Lakini tairi la mtumba hununui mpira tu. Wanunua na historia usiyoijua: liliendeshwa bila upepo au la, lilipanda ukingo wa barabara au la. Likiwa halina budi, lione likiwa limetolewa kwenye rimu. Pitisha mkono ndani ulitafute kiraka, ukague ubavu kama una nundu au mpasuko, usome tarehe. Ubavu uliotiwa kiraka usiuchukue hata kwa bure. Na yale mifereji yake iliyochongwa upya kwa kisu cha moto, hayo ni hadaa tupu. Mchongaji amepunguza unene wa mpira uliokuwa ukizificha nyuzi.

Twaamini ni bora kwa mwenye fedha chache kununua tairi jipya la jina la kati, lenye tarehe njema na nambari sahihi, kuliko la jina kubwa lililokwisha maisha yake nchi nyingine. Zamani Nairobi palikuwa na kiwanda, na Arusha nacho kilikuwa na chake. Cha Nairobi kiliacha kutengeneza mwaka 2016, na cha Arusha kilikuwa kimesimama kabla yake. Siku hizi karibu yote tunayoyaona madukani yatoka ng'ambo, majina ni mengi kuliko tunavyoweza kuyashika, na mengine hatujayasikia popote. Hapa vijana watusaidie kwa simu zao. Matairi yauzwayo Ulaya hupewa herufi ya kushika barabara iliyorowa, na tangu Mei 2021 herufi hizo ni A mpaka E. Tafuteni jina la tairi na kipimo chake, mwone lilipewa herufi gani. Kwetu sisi, wenye mvua za mwaka na za vuli, herufi hiyo yafaa kutazamwa kabla ya sifa nyingine zote.

Lini tairi limekwisha? Ndani ya mifereji mna vituta vidogo vya mpira; uso ukishuka ukalingana navyo, imebaki milimita 1.6, na huo ndio mpaka wa sheria katika nchi nyingi za Ulaya. Lakini usingoje hapo ikiwa mvua yakaribia. Mfereji kazi yake ni kuyatoa maji chini ya gurudumu. Ukiwa mfupi, maji hubaki, gurudumu huelea, na usukani huwa kama wa mashua. Wajuzi wengi husema badilisha kwenye milimita 3, nasi twaona ni sawa. Tazameni pia limekulika wapi. Katikati peke yake, upepo ulizidi. Kingo zote mbili, upepo ulipungua. Ukingo mmoja, magurudumu hayakupangwa sawa, na ukiweka tairi jipya pasipo kuyapanga utalila nalo ukingo ule ule.

Swali lililotusumbua zaidi lilikuwa hili: tununue mawili au manne? Bibi wa nyumba, ambaye ndiye ashikaye daftari la matumizi, alisema, "Baba watoto, mawili yangali yanafaa, kwa nini tuyatupe?" Ni swali la haki. Gari la magurudumu mawili yanayovuta laweza kununuliwa mawili, na hayo mapya yawekwe nyuma. Watu hudhani yawekwe mbele kwenye usukani. Lakini mbele ikiteleza gari huenda moja kwa moja na dereva huhisi, nyuma ikiteleza gari hugeuka lote, na si wengi wajuao kulirudisha. Lakini gari la magurudumu manne yanayovuta ni jambo jingine. Mapya ya nyuma yakiwa makubwa kuliko yaliyokulika ya mbele, magurudumu huzunguka kwa hesabu mbalimbali, na ile mashine inayogawa nguvu mbele na nyuma hushindana siku zote pasipo kupumzika, ikapata moto, ikafa. Subaru, kwa mfano, huagiza matairi manne yasitofautiane katika mzunguko wake kwa zaidi ya robo inchi. Tengenezo la mashine hiyo laweza kupita bei ya matairi manne. Bibi aliposikia hivyo alifunga daftari, akasema, "Basi manne, lakini sherehe ya Septemba hatuiendi." Hatukuiendea.

Tangu hapo, kila kilomita 10,000 twayabadilisha nafasi, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, yapate kulika sawasawa yaishe kwa pamoja.

Siku ya kuyafunga, msimwachie fundi mkaenda kunywa chai. Akuwekee na valvu mpya, maana za mpira huzeeka pamoja na tairi. Kama ubavuni pana mshale, gurudumu lizunguke kwa upande wa mshale. Kama pana neno OUTSIDE, upande huo utazame nje. Ayabalansi yote. Nati azikaze kwa kupishanisha, moja na inayoielekea, si kwa kuzunguka kama anayefunga sufuria. Na baada ya kilomita mia hivi rudini azikaze tena. Kilomita mia chache za mwanzo mwende pole, maana uso wa tairi jipya una utelezi wa kiwandani.

Mwanzo wa mwaka 2025 tulibadilisha tena yote manne. Mtoto yule wa mtulinga sasa ana miaka kumi na mitano, na ndiye aliyekwenda nasi dukani. Muuzaji alipotutolea ya kwanza, kijana alipiga magoti, akawasha taa ya simu, akasoma kwa sauti: "Kumi na nane, ishirini na moja. Ami, hili la 2021." Muuzaji akasema tairi halina umri. Kijana hakumjibu, akaenda kwenye lundo jingine. Tuliondoka na manne yaliyoandikwa 3624.

Ilibaki tairi la akiba, lile linalotundikwa mlango wa nyuma. Katika yote tuliyokuwa tumeyafanya tangu ile ajali, hatukupata kulisoma. Kijana akavua kifuniko chake, akafuta vumbi: 2207. Lilikuja na gari kutoka Japani, na miaka kumi na minane lilikuwa likining'inia mgongoni mwetu, likingoja siku tutakapolihitaji. Tukanunua la tano siku ile ile, kwa deni. Lile la zamani kijana alilitoboa akalifunga kamba, na sasa ni pembea chini ya mwembe uani, wadogo zake waligombania kila jioni.